Maswali na Majibu: Jenerali Moltke, Mnadhimu Mkuu wa Prussia

Wasomaji wametuletea maswali mengi kuhusu Helmuth von Moltke, jenerali wa Prussia, ufalme wa Kijerumani, aliyepanga vita vitatu vilivyoiunda Ujerumani: dhidi ya Denmark 1864, Austria 1866 na Ufaransa 1870–71. Tumeyachagua haya.

Nasikia alianzia jeshi la Denmark. Ilikuwaje akaishia Prussia?

Ni kweli. Alizaliwa Parchim, Mecklenburg, tarehe 26 Oktoba 1800. Baba yake alihamia Holstein, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, na mtoto akapelekwa shule ya kijeshi Copenhagen. Alipata uluteni usu mwaka 1819. Lakini jeshi la Denmark lilikuwa dogo, na kijana asiye na mali hakuona njia ya kupanda. Mwaka 1822 akajiunga na Prussia, akaanza tena chini, kisha akasoma chuo cha vita cha Berlin kuanzia 1823 hadi 1826. Mshahara haukumtosha. Alitafsiri historia ndefu ya Roma kutoka Kiingereza ili apate fedha za kununua farasi, maana afisa mnadhimu, yaani afisa wa kupanga vita, asiye na farasi hakuweza kufanya kazi yake.

Alipigana vita gani kabla ya kupewa madaraka makubwa?

Vita kimoja tu, tena upande wake ulishindwa. Kuanzia 1835 hadi 1839 alikuwa mshauri wa jeshi la Sultani Mahmud II wa Uturuki. Huko Nizip, Juni 1839, alimsihi kamanda Hafiz Pasha arudi nyuma kwenye ngome imara zaidi. Pasha alikataa, na jeshi la Misri la Ibrahim Pasha likawatawanya. Moltke aliteuliwa kuongoza wanadhimu wa Prussia mwaka 1857 bila kuwahi kuongoza hata batalioni moja vitani. Kwetu sisi hapo ndipo ukuu wake unapoeleweka: alikuwa bingwa wa kazi inayofanywa kabla risasi haijalia.

Kila mtu husema "alitumia reli". Alifanya nini hasa?

Alianza na hesabu. Kikosi kikubwa cha divisheni mbili, takriban askari 30,000 pamoja na farasi, mizinga na mikokoteni, kilihitaji treni karibu 100. Kwa hiyo wanadhimu waliandaa ratiba tangu wakati wa amani: kikosi gani kinapanda stesheni ipi, saa ngapi, kinanyweshea farasi wapi, kinashukia wapi. Njia moja ya reli ilizidisha ugumu, kwa sababu treni tupu inayorudi lazima ipishane na inayokuja, na ikichelewa moja huchelewesha zote zilizo nyuma.

Mwaka 1866 Austria ilianza kuita askari mapema zaidi, lakini ilikuwa na njia moja tu ya reli ya kuwapeleka upande wa kaskazini. Moltke alitumia njia tano kwa wakati mmoja. Matokeo yake majeshi yake matatu yalishuka mbalimbali kwenye upinde mrefu wa mpakani, na wakosoaji wakapiga kelele kwamba ameyatawanya. Yeye aliona kwamba kuyakusanya yote sehemu moja kwa treni kungekula muda ambao hakuwa nao. Ni heri yakutane kwa miguu, yakielekea mbele.

Kilichoharibika ni chakula. Treni za mizigo ziliruhusiwa kuondoka bila kujali kama huko ziendako kuna watu na mikokoteni ya kushusha. Mabehewa yakajazana stesheni za nyuma, mikate ikaoza, na askari waliokwisha kuziacha reli mbali wakala walichokipata vijijini. Tatizo hilo lilijirudia mwaka 1870.

Kuligawa jeshi si kujitafutia kushindwa kipande kipande?

Hatari ipo. Lakini tazama barabara. Kikosi cha watu 30,000 na mizigo yake kikipita barabara moja kinanyooka zaidi ya kilomita 20, yaani mwendo wa siku nzima. Ukiweka vikosi viwili kwenye barabara hiyo, cha pili kitafika vita vimekwisha. Kwa hiyo: tembea kwa njia mbalimbali, kutaneni siku ya mapigano.

Königgrätz, katika pigano kuu dhidi ya Austria tarehe 3 Julai 1866, mpango huo nusura ushindwe. Jeshi la mwana wa mfalme, moja ya yale matatu, lilikuwa mbali, na amri ya kuja ilipelekwa usiku na afisa mmoja juu ya farasi. Asubuhi yote wenzao walipigwa vikali na mizinga ya Austria. Mchana jeshi hilo likatokea ubavuni na kuteka kijiji cha Chlum. Austria ilipoteza zaidi ya watu 40,000, nusu yao mateka; Prussia wapatao 9,000. Bunduki ya sindano, iliyojazwa risasi kwa nyuma, nayo ilisaidia: askari wa Prussia aliijaza akiwa amelala chini, ilhali Mwaustria alisimama kushindilia gobore lake.

Je, alisema mpango wa vita hauna maana?

La, na nukuu hiyo hukatwa vibaya. Alisema hakuna mpango unaoweza kutegemewa kwa uhakika kupita pale mnapokutana kwanza na jeshi kuu la adui. Pia aliandika kwamba kosa lililofanyika wakati wa kuyapanga majeshi mwanzoni ni vigumu kulirekebisha vita vyote. Sehemu ya mwanzo aliipanga kwa saa. Iliyobaki aliwaachia makamanda, akiwapa lengo na kuepuka kuwaamuru kila hatua. Uhuru huo uligharimu damu: huko St. Privat, Ufaransa, tarehe 18 Agosti 1870, walinzi wa mfalme walisonga uwanja wazi mbele ya bunduki za Wafaransa zilizopiga mbali kuliko zao, wakapoteza watu wapatao 8,000. Wiki mbili baadaye, huko Sedan, Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa, alitekwa pamoja na jeshi lake.

Sauti yake ilirekodiwa kweli?

Ndiyo, Oktoba 1889, nyumbani kwake Kreisau, kwa mashine ya Edison.

Ndiye Moltke aliyeongoza jeshi la Ujerumani mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, 1914?

Hapana. Huyu alifariki Berlin tarehe 24 Aprili 1891. Wa 1914 ni mtoto wa ndugu yake, mwenye jina hilohilo, aliyeondolewa uongozini baada ya mapigano ya mto Marne, Ufaransa.