Jibu: kitenzi kukaa mwisho kwenye Kiholanzi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ni “het boek dat ik gisteren kocht” na si “dat ik kocht gisteren”. Kwenye kishazi rejeshi cha Kiholanzi (sehemu ya sentensi inayoeleza nomino iliyotangulia) kitenzi, hapa “kocht”, huenda mwisho, hata ukijaza maneno katikati: “het boek dat ik gisteren op de markt kocht”. Sisi husema “kitabu nilichonunua jana sokoni”, kitenzi kinatangulia, ndiyo maana ulimi unagoma.

Ila -cho- yetu hufuata ngeli ya kitabu, na “dat” nayo hufuata nomino ya “het” (“het” na “de” ni vineno vinavyotangulia nomino za Kiholanzi). Ya “de” huchukua “die”. Wingi wote ni “die”: “de boeken die ik kocht” (vitabu nilivyonunua). Hapo ndipo wengi huteleza! Kila nomino mpya ishike pamoja na “de” au “het” yake.