Askofu wa Moravian na Mwenyekiti wa Jimbo

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini hapa Mbeya Wamoravian (waumini wa Kanisa la Moravian, la Kiprotestanti) wana askofu, lakini barua za jimbo zinasainiwa na mwenyekiti. Sisi Wakatoliki tumezoea askofu ndiye mkuu wa jimbo: anahamisha mapadre, anasimamia mali. Kwa Moravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, uaskofu ni huduma ya kiroho. Askofu ndiye anayewawekea mikono wachungaji, anawaombea, anawashauri. Fedha na uhamisho ni kazi ya halmashauri ya jimbo chini ya mwenyekiti, anayechaguliwa na sinodi, yaani mkutano mkuu wa jimbo. Kwa hiyo mwenyekiti si "bosi wa askofu", usiseme hivyo tafadhali, inaumiza watu. Barua yako ya kiwanja ipeleke ofisi ya jimbo. Askofu ukikutana naye, msalimie "Baba Askofu".