Mshindi wa Mnada wa Nyumba Akijitoa

Kwa miaka kadhaa nimehudhuria minada ya nyumba na viwanja hapa Malindi, mara nyingine nikinunua na mara nyingine nikiwasindikiza jamaa, na linalowatatiza watu kuliko yote ni mshindi kubadili nia baada ya nyundo kugonga.

Wengi hudhani kwamba asiyetia saini yuko huru. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya Kenya, inayotaka mauzo ya ardhi yaandikwe na kushuhudiwa, imeuondoa mnada wa hadhara katika sharti hilo, kwa hiyo nyundo ikishagonga mkataba umefungwa. Kwa kawaida mshindi hulipa amana ya 25% papo hapo, na katika minada mingi ya benki hupewa siku 90 kukamilisha salio.

Katika mnada mmoja karibu na Barabara ya Lamu, mshindi alipoombwa hundi ya benki alisogea kando na simu sikioni, dalali akimngoja na fomu mkononi, kisha akatoka langoni bila kuaga. Dalali akaanza upya palepale, kama masharti yalivyomruhusu. Nami nilikuwa wa pili kwa bei, na watu wakanipongeza kana kwamba nyumba imeshakuwa yangu. Haikuwa yangu, kwa sababu dau lako hufa pale mwenzako anapotaja la juu zaidi: huwezi kuidai nyumba, wala hakuna awezaye kukulazimisha kuinunua kwa bei ile. Nilitaja bei upya, na safari hii nilianzia chini.

Aliyelipa amana kisha akashindwa na salio huumia zaidi. Hupoteza amana, nyumba huuzwa tena, na bei ikipungua anaweza kudaiwa tofauti pamoja na gharama. Mara nyingi si hila, ni mkopo uliokataliwa. Ndiyo maana nasisitiza barua ya benki yako ipatikane kabla ya mnada. Ninayemhurumia hasa ni mwenye nyumba inayouzwa na benki kwa sababu ya mkopo, ambaye deni lake huendelea kumwandama wakati wote huo. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaitaka benki itafute bei bora inayowezekana, basi na aulize kwa maandishi amana iliyotwaliwa imeingizwa wapi katika hesabu yake.

Ukipigiwa simu wiki kadhaa baadaye ukaambiwa nyumba ni yako kwa dau lako la zamani, usilipe hata shilingi kabla ya kupata barua ya benki inayothibitisha kwamba mauzo ya kwanza yamefutwa, na kabla ya kufanya upekuzi mpya katika afisi ya ardhi, kwani mnunuzi wa kwanza huenda amekwenda mahakamani kuzuia nyumba isiuzwe tena.