Kipaumbele cha jirani: mbona ruta ya tawi imechaguliwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia mtandao wa OSPF (itifaki ambayo ruta huitumia kupashana habari za njia) wenye ruta moja ya kati na ruta nne za matawi, zilizounganishwa kwa njia isiyopitisha matangazo ya pamoja. Kwenye ruta ya kati nimeorodhesha anwani ya kila jirani na kumpangia kipaumbele 0, lakini ruta ya tawi mojawapo ndiyo iliyochaguliwa kuwa ruta teule (DR, ile inayokusanya na kusambaza habari za njia kwa niaba ya zote), na njia za kwenda matawi mengine zimepotea. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, namba uliyoiandika kwenye ruta ya kati ni makisio tu, nayo hutumika hadi pakiti ya kwanza ya salamu (Hello, ambayo ruta hutumiana kujitambulisha) kutoka kwa jirani itakapopokewa. Kila salamu hubeba kipaumbele cha kiolesura (mlango wa ruta kwenye mtandao) kilichoituma, na hicho ndicho kinachofuatwa. Kwa kuwa hukuzigusa ruta za matawi, kwa kawaida zitakuwa zimebaki na kipaumbele 1; ikiwa ruta ya kati nayo ina 1, mshindi ni yenye kitambulisho cha ruta (Router ID) kikubwa zaidi. Litazame jedwali la majirani: jirani akiwa bado katika hali ya ATTEMPT (anatafutwa, ila salamu yake haijapokewa), utaiona ile 0 yako, salamu yake ikishafika, inageuka 1.

Njia zimepotea kwa sababu ruta teule inapaswa kufikiwa moja kwa moja na kila ruta iliyo kwenye mtandao huo, ilhali tawi lako linawasiliana na ruta ya kati peke yake.

Weka basi kipaumbele 0 kwenye kiolesura cha kila ruta ya tawi. Wengi hukimbilia kupandisha cha ruta ya kati hadi 255, ambacho ndicho kikomo, kisha hushangaa kuona hakuna kilichobadilika. OSPF haiiondoi ruta teule iliyopo eti kwa kuwa imetokea nyingine yenye kipaumbele kikubwa. Sifuri ni habari nyingine kabisa: ruta iliyopewa hiyo haistahili tena kuchaguliwa, na majirani wakiliona badiliko hilo kwenye salamu hurudia uchaguzi. Kwenye muunganisho wa aina hii salamu hutumwa kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuzima chochote.

Ruta ya kati yenyewe usiipe 0, kwani hapo hakutakuwa na ruta teule kabisa. Nafasi ya msaidizi wa ruta teule (BDR) itabaki wazi, nawe iache hivyo, kwa kuwa msaidizi naye angepaswa kufikiwa na matawi yote.