Usiuze TV Yako kwa Sababu ya Simu

Mwishoni mwa 2023 niliuza TV yangu ya inchi 32 pamoja na king'amuzi chake, hapa hapa Mbeya. Hesabu yangu niliiona nzuri: simu ninayo, bando naweka kila wiki, muvi na habari zote zimo mtandaoni. Kulipia kifurushi cha chaneli nisizozitazama kwa nini?

Januari 2024 Taifa Stars wakakutana na Zambia kwenye AFCON, kule San-Pédro, Ivory Coast. Kwa watu wa Mbeya hiyo si mechi ya kawaida. Tunduma, mpakani na Zambia, ni pale tu, na wapo wenye wakwe zao upande wa pili. Mimi, mke wangu na watoto wawili tukainamia kioo kimoja cha simu. Dakika ya 11 kibanda umiza cha jirani kikalipuka kwa kelele. Kwetu mpira ulikuwa bado uko katikati ya uwanja. Baadaye kidogo ndipo tukamwona Simon Msuva akifunga goli tulilokwisha kulisikia ukutani. Ndivyo ilivyo: picha ya mtandaoni hukatwa vipande vipande, simu hujiwekea akiba kidogo, kisha ndiyo ionyeshe, kwa hiyo mara nyingi huja nyuma ya ile ya antena. Zambia waliposawazisha dakika ya 88, bando lilikuwa limekata. Tulijua kwa ukimya wa kibandani.

Mwanangu mdogo alilia usiku ule, na bado naumia nikikumbuka.

Nisieleweke vibaya. Kuna kitu kweli kinakufa, nacho ni ratiba. Watoto wangu hawasubiri tena saa ya katuni, na mke wangu tamthilia zake anazitazama YouTube akishamaliza kazi. Hilo ni jema. Lakini ratiba ni kitu kimoja na kioo cha sebuleni ni kingine, na mimi nilivichanganya.

Halafu kuna gharama. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Muvi ya saa mbili ni GB 6. Mwenye faiba nyumbani hilo halimsumbui, ila wengi wetu huku nyanda za juu tunaishi kwa bando la simu, na nyumba yenye simu nne hutafuna bando mara nne.

Nilinunua TV nyingine, na safari hii nilinunua kwa akili. Usikubali muuzaji akupandishie bei kwa sababu tu TV ni smati. Programu zake huzeeka kabla ya kioo: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za miaka ya 2010 na 2011, na vioo vyake vilikuwa bado vizima. Kagua kioo, hesabu matundu ya HDMI ya kuchomekea vifaa, uliza kama inapokea T2, yaani matangazo ya dijitali ya antena, yenyewe bila king'amuzi. Mambo ya mtandao yaachie kiboksi cha pembeni. Kikizeeka unabadilisha hicho peke yake.

Kabla ya kuchagua dishi au antena, panda kwanza kwa jirani uone anachotumia. Mama yangu yuko Tukuyu, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Wingu likiwa zito, dishi lake linapoteza picha. Nilimpelekea antena, ambayo mvua haiisumbui sana, nikazunguka nayo uani asubuhi nzima bila kupata kitu kwa sababu kilima kimeikinga. Nauli na antena vikaenda bure, wakati jirani wa pili angeniambia kwa dakika moja.

Mama amebaki na dishi. Simu yake ni ya vitufe na hataki nyingine. Saa mbili usiku anakaa kwenye taarifa ya habari, na picha ikikwama anawasha redio aliyoiweka juu ya TV.