Barua kwa mwanangu: ile namba yako ya kazini

Mwanangu,

Sisi huku Lamu wazima. Mama yako anakusalimu, anauliza kama achari imefika.

Juzi uliponitajia namba yako ya kazini, 720720, nikacheka, ukauliza: "Baba, unachekea nini? Si namba tu imejirudia?" Kabla sijajibu simu ikakatika.

Huko kujirudia ndiko kwenye mambo. Tarakimu tatu zozote ukiziandika mara mbili mfululizo, umezizidisha kwa 1001: 720 mara 1000 ni 720000, tia 720 nyingine juu yake. Na 1001 ni 7 mara 11 mara 13. Basi hata wangekupa 385385 au 409409, ingegawika kwa 7, kwa 11 na kwa 13, tena bila kushika kalamu.

Sasa hiyo 720 yenyewe. Hii niliijua kwa mkono kabla ya daftari. Unakikumbuka kile kizingiti cha mbambakofi nyuma ya karakana, ulichokuwa ukikikalia ukinywa chai? Nafasi yake ya nakshi ilikuwa milimita 720 kamili. Maua manane, kila ua 90. Tisa, 80. Kumi na mawili, 60. Mteja akataka saba! Nami kwa ujuaji nikakisia 105 kila ua, nikaanza kupiga patasi kutoka kushoto. Sita yakala 630. La saba likabakiwa na 90, likakaa limebanwa kama abiria wa mwisho kwenye boti ya Mokowe. Mteja alikitazama mara moja tu, akaenda zake. Ndiyo maana kikawa kiti chako.

Kwa hiyo 720 inagawika kwa 16, kwa 9 na kwa 5, ila 7, 11 na 13 inazikataa. Na 1001 inazo hizo hizo tatu. Zidisha 720 kwa 1001, unapata namba yako, inayogawika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16, na hakuna ndogo kuliko hiyo yenye sifa hii. Mwalimu wako angeiita kigawe kidogo cha shirika. Vigawo vyake vyote ni 240. Igawe kwa 15 upate 48048, kwa 16 upate 45045. Ukifika 17 ndipo inagoma, inabaki 5.

Kama ina bahati, kamuulize mpiga ramli, mimi seremala. Lakini jirani yake, 720721, ukiigawa kwa yoyote kuanzia 2 hadi 16, kila mara inabaki 1. Aliyesajiliwa baada yako kapewa hiyo, maskini. Akitaka mbadilishane, usikubali.

Ni mimi baba yako.

Mama yako anasema hujajibu habari ya achari.