Maswali na Majibu: Mbwa wa Kilo Mbili Katika Joto la Malindi

Safu ya leo ni ya Chihuahua peke yake. Kwa asiyemjua: ni mbwa mwenye asili ya Mexico, aitwaye kwa jina la jimbo la huko, na akishakua kwa kawaida hazidi kilo 3. Akitunzwa vyema huishi miaka 14 hata zaidi. Ukimchukua leo, mwanao aliye darasa la kwanza huenda akamaliza sekondari mbwa angali yupo.

Mwajiri wangu Mwitaliano ameniachia mbwa huyu hadi arudi. Anatetemeka hata mchana wa jua kali. Ana homa? (Mlinzi, Casuarina)

Kaka, mbwa hawa hutetemeka kwa mambo mengi: baridi ya upepo wa kusi, hofu, furaha, hata kumkosa mwenye nyumba. Kama anakula na kukimbia, usihangaike. Mpe tambara la kulalia na kona yake isiyopigwa na upepo.

Lakini akitetemeka huku anayumba, amelegea, ufizi umepauka, huenda sukari ya mwili imeshuka. Mwili mdogo hauna akiba, hasa kwa mtoto wa mbwa aliyekosa mlo mmoja tu. Mpake asali kidogo kwenye ufizi, usimmiminie kooni asije akapaliwa. Akizinduka mpe chakula, kisha umwone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mtoto wa miezi miwili au mitatu alishwe mara nne kwa siku. Mkubwa mara mbili au tatu. Na hamri unalomgawia wakati wa chai liache: moja zima ni karibu chakula chake cha kutwa.

Kupe wamemjaa masikioni. Jirani ana dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nichanganye kidogo? (Mama, Barani)

Usithubutu, mama. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi, kemikali ya kuulia kupe. Hiyo humlevya mbwa, hupunguza mapigo ya moyo na kuvuruga sukari, na zipo dawa za mbwa zenye amitrazi ambazo karatasi yake inakataza kabisa kumpaka Chihuahua. Basi ya ng'ombe je?

Na hiyo "kidogo" ndiyo inayoua. Chukua mfano wa sindano ya ng'ombe ya ivamektini (dawa ya minyoo na wadudu), ambayo nayo naisikia ikisifiwa vijiweni: mililita moja imepimiwa mnyama wa kilo 50. Mbwa wako ana kilo 2. Tone likizidi, umeshazidisha dozi, na hakuna jicho la mtu linaloweza kupima tone hilo. Hata paracetamol ya watoto usimpe.

Mpime kwanza. Panda mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, toa. Nenda dukani kwa daktari ukiwa na uzito huo mkononi, ununue dawa ya mbwa iliyoandikwa kilo zake na umri wake. Kupe unaowaona wang'oe kwa kibano karibu na ngozi, uvute taratibu bila kuwaponda. Angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia.

Halafu geukia nyumba. Kupe jike wa mbwa akishashiba hushuka, hupanda ukuta na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, na kuta zetu za mawe ya matumbawe zina nyufa za kutosha. Ziba, fagia, fua matambara kwa maji moto. Usipofanya hivyo utanunua dawa kila mwezi na kupe watakuwa wale wale. Mbwa akikataa chakula, akawa na homa au mkojo mweusi mweusi, huenda ni ugonjwa unaoletwa na kupe, usingoje kesho.

Saa ngapi nimpeleke ufukweni? (Kijana, Mayungu)

Kabla ya saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Miezi ya kaskazi hata jioni mchanga huwa bado unachoma: weka nyuma ya kiganja chako, ukishindwa kuvumilia yeye pia hataweza. Mvishe mkanda wa kifuani badala ya kamba ya shingoni, kwa sababu koromeo lake ni jepesi na likivutwa huanza kukohoa kama bata. Beba maji yake, asinywe ya bahari.

Zaidi ya yote, chunga pale wavuvi wanapochambua nyavu. Bunju, samaki mwenye sumu, hutupwa papo hapo mchangani, na sumu yake haipungui kwa kukauka. Mbwa mkubwa akimla anaweza kufa, sembuse huyu.

Nafanya kazi za nyumba kwa watu wenye Chihuahua. Hunilamba, nami naswali. Nifanyeje? (Dada, Shella)

Dada, hukumu yenyewe mwulize shehe wako. Wengi wetu hapa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi. Palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo jipange: nguo za kazi mbali na za swala, glavu unapoosha bakuli lake, na bakuli hilo lisichanganywe na vyombo vya watu. Mwambie mwajiri waziwazi, bila kuona haya. Mbwa naye hufundishika: akija kulamba, simama, mgeuzie mgongo, usiseme neno. Ukimfukuza kwa kelele atadhani mnacheza.

Utosi wake unabonyea kama wa mtoto mchanga. (Baba, Muyeye)

Chihuahua wengi huzaliwa hivyo, na wengine hubaki hivyo maisha yote. Watoto wasimbebe kwa kugombania, kuanguka kutoka kochini kwatosha kumuumiza. Kichwa kikianza kuvimba, au akizunguka mahali pamoja, apelekwe kwa daktari.

Nataka nizalishe niuze. Wapo wanaotafuta wa "kikombe", wadogo zaidi. (Mfanyabiashara, Maweni)

Sikushauri. Mbwa wa kikombe si aina yoyote. Ni wale waliodumaa, wapewao jina ili bei ipande. Chihuahua hubeba mimba siku 63 hivi, mara nyingi huzaa watoto wachache, na vichwa vyao ni vikubwa kuliko njia. Upasuaji ni jambo la kawaida kwao. Kama hujui ni daktari gani atakayekuja saa nane usiku na vifaa vya upasuaji, huna biashara.

Haendi nje. Chanjo ya kichaa ya nini? (Bibi, Ngala)

Bibi, nguchiro na mbwa wa mtaani huingia uani bila hodi. Achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo mtu aende hospitali siku hiyo.

Tunahamia Lamu mjini. Atakaa? (Mwalimu, Gede)

Atakaa, ila vichochoro ni vyembamba na punda hawampishi mtu, basi barabarani mbebe. Kwenye basi hadi Mokowe, gati la bara la kupandia boti za Lamu, mweke katika kikapu chenye matundu, upande usiopigwa na jua. Mlishe kidogo, muda wa saa tatu kabla ya safari, na botini umfunge mkanda wake ukiushika wewe mwenyewe, si mtoto.